Imehifadhiwa, Amesema Nani?

Siku ile stima zilipotea saa nane na dakika arobaini mchana, na hazikukaa hata dakika kumi. Kirinyaga Road hiyo si habari. Mafundi wa kuchomelea walikaa juu ya makreti wakasubiri, mwenye kibanda cha chai akaendelea na jiko lake la makaa, na ndani ya duka la spea za magari la Mzee, ambaye seva yake naitunza mimi, dada wa kaunta akaendelea kuhesabu plagi kwa tochi ya simu. Ziliporudi, mtaa ukapiga mluzi kama kawaida. Seva ikajiwasha yenyewe, ikajikagua sekunde chache, skrini ya kaunta ikafunguka. Kila kitu kilikuwa sawa, isipokuwa oda za siku nzima hazikuwepo.

Ningeelewa kama zingepotea za dakika ya mwisho. Lakini zilikuwa zimekwenda zote, tangu duka lifunguliwe saa mbili asubuhi. Faili lenyewe lilikuwepo. Jina lake sahihi, tarehe yake sahihi, ukubwa wake baiti 0.

Mzee akanipigia. "Kijana, hii mashine imekula kazi yangu ya asubuhi yote. Si ulisema stima ikipotea haipotezi kitu?"

Nilikuwa nimesema hivyo kweli. Mwaka wa kwanza wa kumhudumia nilimkalisha nikamweleza kwa mbwembwe kwamba seva yake inatumia XFS, mfumo wa mafaili unaoweka daftari la kila mabadiliko, na kwamba hata mtu aking'oa waya ukutani, mashine ikiwaka itasoma daftari na kujirekebisha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nitakunywa chai. Hiyo ni Novemba 2022 ninayosimulia, na leo nikikumbuka maelezo yale naona aibu, maana sikuwa nimesema uongo. Nilikuwa nimesema nusu, na nusu hiyo ndiyo niliyoijua.

XFS ilianza kutengenezwa Silicon Graphics kule Marekani mwaka 1993, kwa ajili ya mashine zao zilizotumia IRIX, mfumo wao wa uendeshaji. Baadaye ikahamia Linux, na Red Hat walipotoa toleo la 7 la mfumo wao mwaka 2014 wakaifanya chaguo la kawaida. Seva ya Mzee ilikuwa na CentOS 7, nakala ya bure ya mfumo huo, kwa hiyo XFS ilikuja nayo bila mtu kuichagua. Mimi niliikuta pale, nikasoma kwamba ina logi, yaani lile daftari, nikaridhika.

Logi inafanya kazi hivi. Chukua stoo ya Mzee iliyo nyuma ya duka: rafu, maboksi, na kila boksi lina kibandiko. Kabla kijana wa stoo hajahamisha boksi, anaandika kwenye daftari: natoa hapa, naweka pale, nabadilisha kibandiko hiki kuwa kile. Akimaliza anatia alama. Taa zikizima katikati ya kazi, anayefungua kesho asubuhi hahangaiki kukagua stoo nzima. Anasoma ukurasa wa mwisho na kumalizia kilichobaki. Ndiyo maana seva ilisimama tena kwa sekunde chache badala ya saa nzima ya ukaguzi. Sasa hapa ndipo nilipokuwa sijafika: daftari hilo linahusu rafu na vibandiko. Kilichomo ndani ya boksi haliandiki. Ukibandika kibandiko cha "beringi" kwenye boksi ambalo beringi zake bado ziko mikononi mwa mtu, halafu mtu huyo akatoweka, asubuhi utakuta stoo iliyopangwa vizuri sana, yenye boksi tupu.

Jioni ile nilikaa kwenye kiti cha dada wa kaunta nikaifuatilia programu ya mauzo kwa strace, amri inayoonyesha kila kitu ambacho programu inaiomba keneli, yaani kiini cha Linux. Kila oda mpya ilipoingia, programu iliandika orodha yote ya siku kwenye faili jipya la muda, ikalifunga, kisha ikalibadilisha jina likakaa juu ya lile la zamani. Aliyeiandika hakuwa mjinga. Hiyo ndiyo njia inayofundishwa, ili asiwepo msomaji atakayekuta faili lililoandikwa nusu. Ila aliruka hatua moja. Kati ya kuandika na kubadilisha jina hakukuwa na fsync.

Programu ikiandika, keneli inapokea data, inaiweka kwenye memori na kujibu papo hapo: sawa, nimepokea. Kwa kawaida Linux inaweza kukaa nayo sekunde 30 hivi kabla ya kuanza kuipeleka kwenye diski. Fsync ndiyo inayosema: usinijibu mpaka iwe imefika. Bila hiyo, oda zilikuwa zinaelea, na mabadiliko ya jina nayo yalikuwa yanasubiri zamu yake kwenye logi. Jirani yake kwenye diski hiyohiyo alikuwa MariaDB, hifadhidata ya duka, mwenye nidhamu, anayeita fsync kila muamala ukikamilika. MariaDB alipoita, XFS ikasukuma logi hadi kwenye diski, pamoja na kila kilichokuwa mbele yake kwenye foleni. Kibandiko chetu kikasafiri humo. Beringi zikabaki kwenye memori. Stima zikapotea.

Yaani tulimalizwa na bidii ya jirani.

Sikuwa wa kwanza kuumia hivi. Mwaka 2009, ext4, mfumo mwingine wa mafaili wa Linux, ilipoanza kutumiwa na watu wengi, walilalamika kwamba kompyuta ikizimika ghafla wanakuta mafaili matupu. Theodore Ts'o, anayeitunza, alieleza kwamba programu ndizo hazikuomba data ipelekwe, lakini hata hivyo akaweka kinga: ukibadilisha jina la faili jipya juu ya la zamani, ext4 yenyewe inaanza kuyasukuma yaliyomo. XFS kwenye kubadilisha jina haina huruma hiyo. Kuna watu wanaiona ni ukatili. Mimi siku hizi naona afadhali nijue ninasimama wapi.

Oda za siku ile zilirudi kwa njia mbili. Malipo ya M-Pesa yalikuwa kwenye simu, ujumbe mmoja mmoja. Zilizobaki, za pesa taslimu na za mkopo, zilitoka kwenye kaunta buku. Mzee alikuwa na kitabu chake kirefu chenye jalada gumu, na kila mteja aliyemfahamu kwa sura alimwandika humo kwa biro ya buluu, mashine au hakuna mashine. Tulikaa na dada wa kaunta hadi saa mbili usiku, yeye akisoma, mimi nikiingiza. Mwandiko wa Mzee unahitaji kozi yake peke yake.

Kurekebisha programu hakukuchukua muda. Andika faili la muda, fsync, badilisha jina, kisha fsync nyingine kwa folda lenyewe, maana jina linaishi kwenye folda na wengi huisahau hiyo. Nikajipongeza. Halafu nikapima spidi, na hapo ndipo nilipoanza kukosa usingizi.

Diski ya data ilikuwa ya sahani, mizunguko 7,200 kwa dakika. Gawa kwa 60: mizunguko 120 kwa sekunde, kila mmoja milisekunde 8 na kidogo. Ukiandika kitu na kusubiri kifike kwenye sahani kweli, huwezi kutarajia zaidi ya mara mia hivi kwa sekunde, na kwa sababu fsync hubeba data pamoja na logi, utapata pungufu. Kipimo changu kilisema fsync 1,900 kwa sekunde.

Nilirudia mara tatu. Nikaenda nje nikanywa chai. Nikarudia.

Diski haiwezi kukimbia kuliko inavyozunguka. Kwa hiyo mtu fulani kati ya programu na sahani alikuwa anajibu "imefika" wakati haijafika. Nilimkuta kwenye fstab, faili linaloiambia Linux ipandishe diski vipi, yaani izifungue zitumike: neno nobarrier, lililowekwa na fundi aliyenitangulia, bila shaka baada ya kusoma mahali kwamba linaongeza kasi. Na linaongeza. Diski ina kashe yake ndogo ndani, nayo pia ni memori inayopotea stima zikipotea. Kwa kawaida XFS, wakati wa fsync, huiamuru diski imwage kashe hiyo kwenye sahani kabla ya kujibu. Nobarrier inaondoa amri hiyo. Inafaa kama una kidhibiti cha diski chenye betri yake. Duka la spea za magari halina. Watunzaji wa XFS walikuja kuliondoa chaguo hilo kabisa kwenye Linux 4.19 mwaka 2018, lakini keneli ya CentOS 7 ni 3.10, na huko liliendelea kukubaliwa bila kelele.

Nililifuta. Kipimo kikashuka hadi fsync 40 hivi kwa sekunde, na sijawahi kufurahi hivyo kuona kitu kinakuwa polepole.

Kaunta haikuhisi lolote. Siku ya msongamano wanauza labda mara tano kwa dakika. Aliyelia ni mzigo wa usiku, ile kazi ya kuingiza bei mpya za wauzaji wa jumla, mistari 18,000 na kila mstari muamala wake. Kwa fsync 40 kwa sekunde ni kama dakika saba na nusu, badala ya sekunde kumi za zamani. Tiba ilikuwa kuziweka bei 500 kwenye muamala mmoja ili zigawane fsync moja. Kuna jioni moja, kabla ya kufikiria hilo, nilijaribu kupandisha diski nzima kwa chaguo la sync ili kila kuandika kusubiri diski, eti nimalize mchezo. Hata panya wa kompyuta alionekana kuzeeka. Niliiondoa kabla ya kufungwa kwa duka na sikumwambia mtu.

UPS nayo ilikuwa na kisa chake. Ilikuwepo, chini ya kaunta, imefunikwa na katoni. Ilikuwa ikilia kwa miezi na dada akawa anaibonyeza inyamaze, akidhani inalalamikia stima. Ilikuwa inalalamikia betri. Tulinunua betri mpya Luthuli Avenue, nikaiunganisha UPS na seva kwa waya wa USB, nikaweka NUT, programu ya kuongea na UPS, ili seva ijue yenyewe kwamba stima hakuna na ijizime kwa utaratibu betri ikikaribia kuisha. Waya huo wa USB ulikuwa ndani ya boksi la UPS tangu inunuliwe, bado umefungwa kwa kile kikamba chake. Nikaongea pia na askari, ambaye alikuwa akizima swichi kubwa ya ukutani kila jioni "ili kuokoa tokeni". Aliniuliza kwa upole kwa nini hakuna aliyewahi kumwambia. Sikuwa na jibu.

Desemba nikamwambia Mzee sasa anaweza kupumzisha kile kitabu. Nilimwonyesha kipimo, nikamweleza mizunguko ya diski. Akanipa mkono. Akasema, "Sawa, kijana wangu. Nimesikia."

Usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, karibu saa nne kasorobo, nchi ikaingia giza. Wakenya tuna kumbukumbu ya haya mambo. Juni 2016 tumbili alipanda paa la kituo cha Gitaru, akaangukia transfoma, akazima Kenya nzima, na akatoka mzima. Safari hii hakukuwa na tumbili wa kulaumu. Nilikuwa nyumbani Kahawa West, nikawasha mshumaa, na nakumbuka nilitabasamu nikiwaza seva ya Mzee inajizima kwa heshima zake. Na ilijizima kweli. Asubuhi nilisoma kumbukumbu zake: stima hakuna, betri asilimia kadhaa, mafaili yamefungwa, kwaheri. Kazi nzuri.

Ila diski za sahani zikizeeka hazipendi kuzimwa na kuwashwa. Hii ilikuwa imezunguka miaka bila kupumzika sana. Jumamosi iliamka, ikafanya kazi kama saa tatu, na saa tano na dakika ishirini ikashindwa kuandika kipande kimoja. Bahati mbaya kipande hicho kilikuwa cha logi.

XFS ikishindwa kuandika logi yake haijaribu kujikaza. Inafunga duka. Fikiria yule kijana wa stoo amegundua kalamu haiandiki: akiendelea kuhamisha maboksi bila daftari, kesho hakuna atakayejua kipi kilikuwa wapi, kwa hiyo anafunga mlango na kusimama mbele yake. Hakuna anayeingia, hakuna anayetoa, mpaka mfumo ushushwe na tatizo litafutwe. Keneli inaandika ujumbe mmoja kwamba mfumo umefungwa kwa nguvu, tafadhali ushushe urekebishe. Baada ya hapo kila anayeomba chochote anajibiwa kosa namba 5, EIO, hata kwa kusoma tu. Ext4 ina tabia tofauti kidogo: mara nyingi imepangwa kujigeuza iwe ya kusoma tu, uangalie lakini usiguse.

Mimi nilipigiwa simu saa sita na dakika kumi. Dada alikuwa ametaka kuangalia deni la mteja na skrini haikumpa. "Kuuza inauza," akaniambia, "ila ya nyuma haionyeshi."

Inauza? Nilishuka matatu Globe nikakimbia hadi dukani. Niliandika ls, amri ya kuorodhesha mafaili, kwenye folda la data, nikapata EIO. MariaDB alikuwa ameshajiua zamani, kama anavyopaswa. Lakini mbele yangu mteja alikuwa ananunua filta mbili za mafuta, dada akabonyeza, skrini ikaandika kwa kijani "IMEHIFADHIWA", na risiti ikatoka kwenye printa ikisikika vizuri kabisa, krrr.

Imehifadhiwa wapi?

Niliikata kaunta palepale, nikawaambia waandike kwa mkono. Kisha nikafungua msimbo, na kosa nililolikuta halikuwa la aliyeiandika programu wala la fundi aliyenitangulia. Lilikuwa langu, la Novemba. Ile kazi ya kuandika faili ndiyo hiyohiyo programu iliyoitumia kupeleka maandishi kwa printa, na printa kwenye Linux ni faili pia. Ukiita fsync kwa printa inakataa, kwa kuwa haina cha kuhifadhi. Nilipoongeza fsync yangu, risiti ziligoma kutoka. Ilikuwa saa moja usiku, nilikuwa nimechoka, nikaifunga kazi nzima ndani ya try, na kwenye except nikaandika pass, yaani kosa lolote likitokea, lipuuze uendelee. Printa ikafanya kazi. Nikaenda nyumbani.

Kwa hiyo kwa zaidi ya dakika 50, kila oda ilipoingia, programu ilijaribu kufungua faili la muda, XFS ikasema hapana, na mstari wangu ukajibu haidhuru. Nilihangaika kuhakikisha tunasubiri jibu la diski, halafu sikulisikiliza lilipokuja. Na kulikuwa na hali ya dharura ya programu, iliyowekwa ili hifadhidata ikianguka oda ziandikwe kwenye faili la pembeni mpaka irudi. Faili hilo la pembeni lilikuwa kwenye diski ileile. Ufunguo wa akiba, umefungiwa ndani ya nyumba.

Risiti 23 zilitoka bila kuandikwa popote. Nilikuwa natafuta namna ya kumwambia Mzee alipoingia kutoka nyuma, akaweka kaunta buku mbele yangu, akaufungua ukurasa wa siku ile. Biro ya buluu. Hakuwa ameacha kuandika hata siku moja tangu Desemba. Hakusema neno, nami nilimshukuru kwa hilo zaidi kuliko kwa kitabu.

Sasa diski. Rafiki yangu mmoja wa kazi hizi, kwenye simu, aliniambia nipige tu xfs_repair, amri ya kurekebisha XFS, na -L. Nilikataa kwa sababu ninaijua hiyo -L. Miaka kadhaa nyuma, kwa mteja mwingine Ngara, XFS ilikataa kurekebishwa ikisema logi ina mambo ambayo hayajamaliziwa, jaribu kwanza kuipandisha. Mimi nikasoma hadi neno "-L" nikaacha kusoma. Amri hiyo inafuta logi, yaani unachana kurasa za mwisho za daftari ndipo unaanza kupanga stoo. Mfumo ulifunguka, kweli. Folda la lost+found likawa na maelfu ya mafaili ambayo majina yao ni namba. Tulitumia wiki mbili kufungua moja moja kuuliza wewe ni nani.

Kwa hiyo safari hii sikuigusa diski ile kabisa. Nilienda Luthuli Avenue, nikanunua mpya yenye ukubwa uleule au zaidi, nikanakili ya zamani yote kwa ddrescue, ambayo huziruka sehemu mbovu kwanza na kuzirudia mwisho. Ilichukua hadi usiku. Kisha nikaipandisha nakala, si ile ya asili. XFS ikasoma logi, ikamalizia ilichoacha, ikafunguka. Nikaishusha, nikaikagua kwa xfs_repair -n, inayoangalia bila kugusa. Safi. MariaDB alipowashwa naye akasoma logi yake mwenyewe na kusimama. Kila kitu hadi saa tano na dakika ishirini kilikuwepo. Yaani mfumo ulipofunga mlango ulikuwa umeokoa vyote vilivyokuwa ndani, na sehemu pekee iliyoharibika ni ile ambayo programu yangu iliendelea kutabasamu nje.

Wiki ile nilijifariji kidogo kwa kusoma yaliyowapata watengenezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL mwaka 2018. Waligundua kwamba kwenye Linux, fsync ikishindwa mara moja na ukaijaribu tena, ya pili inaweza kujibu "sawa" huku data ikiwa imepotea, kwa sababu keneli baada ya kushindwa ilikuwa ikizihesabu kurasa zile kama zilizokwisha kuandikwa. Hifadhidata yao kwa miaka ipatayo 20 ilidhani kujaribu tena kunatosha. Waliibadilisha: fsync ikishindwa, PostgreSQL inajiangusha yenyewe kwa makusudi na kuanza upya kutoka kwenye logi yake. Nilichukua mawazo hayo jinsi yalivyo. Programu ya Mzee haijaribu tena. Ikipata kosa lolote kwenye kuandika, inasimama, na haiwezi kuchapa risiti mpaka fsync zote mbili zijibu. Printa sasa ina njia yake tofauti, na faili la dharura liko kwenye diski nyingine.

Zamani nilijaribu mambo haya kwa kuchomoa waya Jumapili duka likiwa limefungwa, nikiomba Mungu. Siku hizi kwenye seva ya majaribio ninatengeneza XFS ndogo ndani ya faili, ninaiwekea programu, halafu katikati ya mauzo ya uongo ninaita xfs_io -x na amri yake ya shutdown, na mfumo unajifunga palepale kana kwamba diski imekufa. Ukiongeza -f inaisukuma logi kwanza kisha inafunga. Ukiacha, inakatika ghafla na vyote vilivyokuwa kwenye memori. Nazijaribu zote mbili, mara nyingi, kwa nyakati tofauti. Kila mara naipandisha upya na kuhesabu: risiti zilizotoka, oda zilizomo. Namba ya pili isiwe ndogo kuliko ya kwanza hata kwa moja. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo ilikuwa ndogo kwa mbili, na nilishukuru kwamba wateja walikuwa wa kubuni.

Mwezi uliopita nilifanya jaribio lilelile dukani, jioni, kwa ruhusa ya Mzee, na dada wa kaunta hakuambiwa. Nilikaa nyuma na laptopu nikaandika amri. Mbele, alibonyeza kitufe kwa mteja wa beringi, na skrini ikageuka nyekundu. Maneno yaliyopo pale aliyachagua yeye mwenyewe nilipomwomba anisaidie kuyaandika: HAIJAHIFADHIWA. CHUKUA KITABU.

Nilimsikia akivuta droo. "Ngoja kidogo, boss," akamwambia mteja, na biro ikaanza kuandika.